Mkono wa Kulia

Jumamosi ya kwanza ya Julai, Woodley.
Baridi imekaza meno, jua halijaamua.
Uwanja ni saruji yenye nyufa,
wavu umeshonwa kwa kamba za viatu,
na foleni ya wanagenzi wa tenisi ni hii:
Lemaron, miaka saba,
Hamdi, miaka minane na nusu (nusu aliisisitiza),
pacha wa mama mwenye duka la dawa,
na mimi, Mumbua, hamsini na mmoja,
ndani ya raba za binti yangu zinazonibana kidole gumba.

"Umemleta nani?" Hamdi akaniuliza.
"Nimejileta."
Akafikiri kidogo, akanisogezea nafasi.

Kocha Nekoye ana filimbi na miaka ishirini na mitatu.
Raketi kwake ni kijiko cha chai.
Kwangu ni mwiko wa ugali wa harusi.
Tazama mpira, anasema, usinitazame mimi.
Magoti yalegeze. Ngoja udunde. Ngoja. Sasa!

Sasa yangu hufika imechelewa.
Mpira umekwisha kupita, umegonga ua wa waya,
umetulia chini ya bogonvilia
kama yai la kuku asiye na haya.

Mara ya tisa, au ya kumi na tisa,
Nekoye akaja akanishika bega.
"Mbona kila mpira ukija
mkono wako wa pili huanza safari
halafu hurudi?"

Sikujua kwamba unaonekana.

Nilikuwa darasa la pili, Kathiani.
Mwalimu Nzuki alikuwa na rula ya mbao
na aliitumia kwa ukingo.
Kalamu ikienda kushoto, vifundo vya vidole vinalipa.
Mkono wa kulia, alituambia, ndio wa kulia chakula,
wa kusalimia, wa kupokea, wa kuandikia.
Nami nikaijua maana ya pili ya kulia
kabla sijajua kuiandika.

Nyumbani waliufunga kiunoni kwa leso,
jioni baada ya jioni, bila ubaya,
hadi ukanyamaza.
Nimekuwa karani miaka ishirini na sita,
nikinakili hati za mashamba ya watu
kwa mwandiko uliopinda mgongo
kama mtu anayepanda mlima na mzigo.
Kushoto nilimenyea viazi tu,
tena mlango ukiwa umefungwa.

"Jaribu huo," kasema Nekoye,
akishaanza kuokota mipira.

Raketi ikavuka tumbo langu, ikahamia.
Nikageuka kuangalia uani, nani anaona?
Mlinzi anakula andazi.
Korongo juu ya mlingoti wa taa
amekunja shingo, hana habari nami.
Hakuna rula.

Mpira ukaja, umepauka, una upara upande mmoja,
ukadunda kwenye ufa, ukapinda,
na mkono haukuuliza mtu.

Pu.

Sauti ndogo tu, ya kifuniko kukaa juu ya sufuria yake.
Ukapita juu ya wavu kwa upana wa kidole,
ukamwangukia Lemaron
aliyekuwa ameinama akifunga kiatu.
"Si haki! Sikuwa tayari!"
Hata mimi, nikamwambia. Hata mimi sikuwa.

Uliofuata ulinasa wavuni. Na wa baada yake.
Wa nne uliruka ua ukaenda kwa mafundi wa viti, Barabara ya Ngong,
na hatukuuona tena.
Nimeambiwa nitaulipia shilingi mia tatu.

Jioni, bega likiniwaka,
nikasogeza vyombo, nikachukua risiti ya maziwa,
kalamu kushoto, nikaandika jina langu.
Mumbu ilikaa. Ile a ya mwisho ikateleza nje ya karatasi, mezani.
Herufi zilikuwa nene, zimesimama wima, zimebonyezwa mno,
za mtoto wa darasa la pili.

Basi ndipo zilipokuwa zimeachwa.